Naomba ushauri: kuvua halibuti Homer, Alaska

Habari zenu wakuu. Naishi Anchorage na wikiendi nashuka Homer na rafiki yangu mwenye boti ndogo, tunavua halibuti kwenye ghuba ya Kachemak. Kwa wasiomjua, huyu ni jamaa wa gayogayo wetu wa pwani, bapa, macho yote upande mmoja, analala chini kabisa kwenye mchanga na changarawe. Ila yeye anaweza kupita kilo 100.

Shida yetu ni mkondo. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, huku maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 6. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ikigusa chini, dakika chache tu mshipi umelala ubavu, chambo kinaelea juu samaki asipofika. Tukiongeza uzito, mikono inakufa kwa kupandisha. Maji yakisimama tunavua vizuri, lakini ni muda mfupi mno.

Je, mnasubiri siku za maji mafu tu, yanapopanda na kushuka kidogo, au kuna namna ya kutia nanga ikasaidia? Chambo tunatumia heringi. Nasikia pweza hang'oki kirahisi kwenye ndoana. Aliyejaribu anijuze.

La pili, linalonitia hofu hasa: akija mkubwa, mnammalizaje kabla ya kumwingiza botini? Mkia wake unavunja mguu wa mtu. Tuna kulabu, chusa hatuna. Au mkubwa ni bora kumwachia? Wakubwa karibu wote ni majike wenye mayai, na roho yangu inasita.