Naomba ushauri: binti yangu anachanganya mzingo na eneo

Habari zenu wakubwa. Niko Tanga, Ngamiani. Binti yangu yuko darasa la nne. Kuzidisha hana shida, ila ukimuuliza mzingo anakupa eneo, ukimuuliza eneo anajumlisha pande.

Nilianza na mkeka wa bibi yake. Utepe ulioshonwa pembeni ndio mzingo, pale tunapokaa ndio eneo. Akaelewa, akacheka. Kulipokucha kasahau.

Jana tukahamia kwenye vigae vya barazani. Nikamchorea kwa chaki mstatili wa vigae 6 kwa 4. Eneo kapata, 24. Kwenye mzingo akawa anagusa vigae vya ukingoni kimoja kimoja, akaniambia 16. Jibu ni 20! Nilikodoa macho pale mpaka nikang'amua: anahesabu vigae badala ya pande zake za nje. Kigae cha kwenye kona kina pande mbili za nje, yeye anakihesabu mara moja tu.

Halafu mimi mwenyewe nikaharibu. Mfano wa pili nikachora 4 kwa 4. Mzingo 16, eneo 16. "Si nilikwambia mama, ni kitu kimoja!"

Walimu mlio humu, nifanyeje? Niweke kando kwanza urefu mara upana, nimpe uzi azungushie? Au njiti za kiberiti? Mwalimu wake simlaumu, darasa limejaa. Nina jioni tu, nikishafunga genge.