Windows 10 ndiyo hiyo imeisha: saiba yangu ihamie 11 au nikae?

Mama Saiba, Kondele
Hamjambo wenzangu. Nina saiba ya kompyuta sita hapa Kondele, zote Windows 10. Nasikia hazipati tena masasisho ya usalama tangu 14 Oktoba 2025. Fundi mmoja anataka elfu mbili kwa kila moja aniwekee Windows 11. Mwingine anasema nikae nazo hadi zife. Wateja wangu ni wa eCitizen (huduma za serikali), KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi) na kuchapisha. Lazima nimjibu fundi kufikia Ijumaa.

Fundi wa Section 58
Dada, la maana hujatuambia. Prosesa gani? RAM ngapi? Bila hayo tunapiga ramli. Bonyeza kitufe cha Windows, andika tpm.msc, utupe toleo la TPM (chipu ya usalama) linaloonekana pale.

Mchapaji Kakamega
Weka Linux Mint badala ya Windows. Ni ya bure, nyepesi, na eCitizen hufunguka kwa Firefox bila shida. Miaka miwili sasa sijasumbuliwa na virusi vya fleshi za wateja.

Mhasibu Milimani
Na mteja akija na fomu ya kodi ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili)? Kwangu LibreOffice, ile mbadala ya bure ya Excel, iligoma kabisa, ikabidi nimpeleke mteja kwa jirani.

Mchapaji Kakamega
Ndiyo maana unabakisha moja ya Windows. Si lazima zote zifanane.

Mama Saiba, Kondele
Nimeangalia. Nne ni HP EliteDesk 800 G1, mitumba ya Uingereza, zina i5-4570 na RAM 4, toleo ni 1.2. Mbili ni i5-8500, RAM 8, toleo 2.0.

Fundi wa Section 58
Sasa tunaongea. Kwa namba za tarakimu nne kama hizo, tarakimu ya kwanza baada ya i5 ndiyo kizazi. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0. Hizo mbili zipandishe mwenyewe kupitia Windows Update, bure. Hizo nne fundi wako atakuwekea kwa njia ya panya, na sasisho kubwa likija linaweza kukataa. Usimpe elfu nane kwa kazi hiyo. Afadhali uongeze SSD (diski ya kasi) na RAM.

Vipuri Bungoma
Kabla fundi hajagusa chochote, hifadhi data! Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka jana nilimwachia fundi kompyuta ya kaunta Jumamosi jioni. Akaniuliza kama kuna kitu cha maana kwenye Documents, nikasema hakuna. Sikujua programu ya stoki huweka hesabu kwenye folda yake yenyewe ndani ya C. Akafuta diski yote. Jumatatu nawasha, skrini inang'aa, printa ya risiti haionekani, na madeni ya miaka mitatu hayapo. Siku kumi na moja mke wangu alikuwa akinisomea vijikaratasi vya risiti, vingine vimefifia hadi anavielekeza kwenye mwanga wa mlango, nami naandika upya. Kuna wadeni waliokuja wenyewe kulipa, Mungu awabariki. Wengine walikana, na sikuwa na ushahidi.

Mhasibu Milimani
Pole sana. Mama Saiba, kuna pia ule mpango wa kuongezewa masasisho hadi 13 Oktoba 2026, dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio.

Fundi wa Section 58
Huo ni wa mtu binafsi. Biashara ni dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na kila mwaka bei inaongezeka maradufu.

Mhasibu Milimani
Saiba ya kompyuta sita ndiyo ya kuwekwa kundi moja na benki?

Fundi wa Section 58
Masharti ni masharti. Kompyuta ambazo wageni huandikia nywila za KRA si za kubahatisha.

Mama Saiba, Kondele
Jana usiku nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, nikaanza na i5-8500 moja. Ilifika asilimia 61, stima ikapotea. Sasa imewaka, inaandika inarejesha Windows ya awali. Niizime?

Fundi wa Section 58
Usiizime! Iache hata saa mbili. Huna UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea?

Vipuri Bungoma
Mimi pia natafuta UPS ya kaunta. Ya mtumba inafaa, au betri zake huwa zimechoka?