Daftari la Presha la Baba

Dada Mkubwa (06:12): Wazee shikamooni, na ndugu zangu hamjambo. Moyo wa Baba, uliosimama jana, unapiga tena wenyewe tangu jana alasiri. Yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi, anapumua kwa msaada wa mashine na amepewa dawa za usingizi. Naomba nijibiwe asubuhi hii hii: nani atakaa na Mama mchana, na lile daftari ambalo Baba alikuwa akiandikia presha yake liko kwa nani? Daktari ameuliza presha yake ya siku zote ilikuwa ngapi, nami sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Kaka wa Pili (06:50): Nimeona.

Dada Mkubwa (06:51): Kuona si kujibu. Daftari liko wapi?

Mama Mdogo (07:35): Poleni, wanangu. Naomba nieleweshwe. Ikiwa moyo umerudi, na ile mashine inaonyesha presha nzuri, mbona hajafungua macho? Na daftari la zamani litamsaidia nini mtu aliyelala?

Binamu Muuguzi (08:05): Shikamoo, Mama Mdogo. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba ya kuutosha. Damu ikikatika, mtu hupoteza fahamu katika sekunde chache, na zikipita dakika chache seli za ubongo huanza kuumia. Moyo uliporudi, kazi ya ubongo ndiyo kwanza ilianza. Mara nyingi ubongo hupata damu nyingi kwa muda mfupi, kisha kwa saa nyingi zinazofuata mishipa yake midogo hubana na damu inayopita huwa pungufu, hata kama moyo unasukuma vizuri na presha inayopimwa mkononi haina kasoro. Zaidi ya hayo, dawa za usingizi peke yake zinatosha kumfanya asifungue macho.

Binamu Muuguzi (08:14): Daftari lina kazi kubwa. Mishipa ya ubongo wenye afya hujirekebisha yenyewe: presha ikishuka hutanuka, presha ikipanda hubana, ili damu inayofika isibadilike sana. Vitabu vingi huandika kwamba uwezo huo hufanya kazi shinikizo la wastani, yaani wastani wa presha ya damu, likiwa kati ya takriban milimita 60 na 150 za zebaki, ingawa siku hizi wataalamu wengi wanaamini kwamba nafasi hiyo ni finyu zaidi. Kwa mtu aliyeishi na presha ya juu kwa miaka mingi, kama Mjomba, mipaka hiyo husogea juu, kwa sababu mishipa imezoea; presha inayomtosha mwingine inaweza kuwa ndogo mno kwake. Tena, baada ya moyo kusimama, tafiti kadhaa zimekuta takriban theluthi moja ya wagonjwa uwezo huo umeharibika, na hapo damu ya ubongo hupanda na kushuka pamoja na presha bila kinga yoyote. Daktari anayeuliza presha yake ya siku zote anauliza swali la maana sana.

Mama Mdogo (08:40): Sasa nimeelewa. Asante, mwanangu.

Kaka Mdogo (09:22): Nilipoingia jana nilikuta wamemwekea blanketi la kumpoza. Baba yule yule anayevaa sweta wakati watu wote wanajipepea! Akiamka atauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

Mpwa (09:24): Ataanza kuulizia sweta kabla hajatuulizia sisi. 😂

Kaka Mdogo (09:25): Na miwani. Halafu atauliza kwa nini mlango uko wazi.

Mpwa (09:25): Mlango kwanza!

Dada Mkubwa (09:31): Jamani, nimeuliza maswali mawili tangu alfajiri. Zamu ya mchana na daftari.

Binamu Muuguzi (09:48): Blanketi hilo msilihofu. Baada ya tafiti mbili za mwaka 2002, wagonjwa wengi walikuwa wakipozwa hadi kati ya nyuzi 32 na 34, lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2021, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 1,800, haukuona faida ya kuwashusha hadi 33 kuliko kuzuia homa tu. Kwa hiyo sasa mahali pengi kinachotafutwa ni joto lisipite takriban 37.5, kwa sababu homa huuongezea ubongo mahitaji wakati ambapo damu yenyewe ni haba.

Kaka wa Pili (10:37): Daftari ninalo mimi, tangu nilipompeleka kliniki. Nitalitoa. Ila ninataka kujua ni nani anayezungumza na madaktari kwa niaba yetu, kwa maana sitakubali kuwa wa mwisho kusikia kama ilivyokuwa kwa Bibi.

Dada Mkubwa (10:39): Mambo ya Bibi tusiyalete hapa.

Kaka wa Pili (10:40): Hujawahi kukubali yaletwe popote.

Dada Mkubwa (10:44): Madaktari ndio walioomba msemaji awe mmoja, ili maelezo yasigongane. Nilikuwepo, nikasaini. Kila ninachoambiwa nakiandika hapa.

Kaka Mdogo (11:15): Kuna mtu ameniambia kwamba asiyeamka ndani ya siku moja haamki tena, na kwamba inatupasa tuanze kuzungumza kuhusu mashine. Sisemi kwamba ninakubali. Ninauliza tu.

Binamu Muuguzi (11:29): Huyo hajasema kweli. Madaktari waangalifu hawatoi hukumu kabla ya saa 72 kupita tangu moyo uliporudi, na hata hapo hawategemei kipimo kimoja. Hutazama kama mboni zinaitikia mwanga, hupima umeme wa ubongo, hupiga picha za ubongo, wakati mwingine hupima damu, kisha hulinganisha majibu yote. Dawa za usingizi zikiwa bado mwilini huweza kuwapotosha, ndiyo maana husubiri ziishe. Wapo wanaoamka baada ya siku kadhaa. Simwahidi mtu yeyote kwamba Mjomba ataamka, lakini kumkatia tamaa leo ni kukosa haki kwake.

Shangazi Mkubwa (12:42): Nimesoma yote. Huyu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Neno la kuzima mashine lisitamkwe na yeyote mbele ya mke wake mpaka madaktari wamalize kumpima. Na wewe mwenye daftari, ugomvi wa Bibi unao haki nao, na nitakaa nanyi wawili kuusikiliza, lakini hautalala juu ya kitanda cha baba yenu. Lipeleke leo.

Mama Mdogo (12:50): Tumesikia, Dada.

Kaka Mdogo (13:02): Nimesikia, Shangazi. Naomba radhi.

Kaka wa Pili (14:26): Nimetuma picha za kurasa mbili. Mara nyingi aliandika 150 kwa 90, akiwa anatumia dawa.

Binamu Muuguzi (14:41): Asante sana, Kaka. Shinikizo la wastani hupatikana kwa kuchukua namba ya chini na kuongeza theluthi ya tofauti ya hizo namba mbili: 90 na 20, yaani 110. Miongozo mingi huzuia wastani usishuke chini ya 65 kwa kila mgonjwa, na mnaona jinsi 65 ilivyo mbali na 110. Hata hivyo, tusiende kuwaamuru wampandishe. Dawa za kupandisha presha huuchosha moyo uliotoka kusimama, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2022, uliolinganisha wastani wa 63 na wa 77 kwa wagonjwa 789, haukukuta tofauti katika vifo wala ulemavu mkubwa. Kwa maoni yangu, utafiti huo ulitazama kundi zima na haukumaliza swali la mtu mmoja mwenye historia kama yake. Tuwape namba, kisha tuwaulize wanalenga ngapi na kwa nini. Waulizwe pia kuhusu kaboni dayoksaidi, kwa sababu mashine ikimpumulisha kwa kasi mno hewa hiyo hupungua, na ikipungua mishipa ya ubongo hubana.

Dada Mkubwa (16:05): Nimempa daktari namba hizo, amezinakili katika faili na kusema atazizingatia. Anataka kuona kurasa za mwezi uliopita, ambazo hazimo katika picha. Mama yuko na mimi tangu asubuhi. Zamu ya usiku bado haina mtu.

Kaka Mdogo (19:48): Naweza kuja, lakini si kabla ya saa nne usiku.

Kaka wa Pili (20:33): Kurasa nitakuja nazo mwenyewe. Siku madaktari watakapotuita kutupa majibu ya vipimo, naomba tuingie wawili, mimi na Dada.

Shangazi Mkubwa (20:51): Ni haki.

Dada Mkubwa (21:17): Njoo na daftari zima kabla ya daktari kupita asubuhi. Kuhusu kuingia wawili, nitamuuliza daktari kwanza.