Mjadala: Mwenye kisukari ambaye figo zimeguswa, akatazwe kabisa dawa za miti?

Mzee wa Uyole: Kliniki ziache kuwafokea wagonjwa wanaotumia miti. Dapagliflozini, dawa ya kisukari mnayoisifu kwa kulinda figo, chimbuko lake ni florizini, kemikali iliyotolewa kwenye gamba la mtufaha mwaka 1835. Mitufaha ipo Makete na Njombe. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, nayo ina asili ya mmea. Mbona miti ya kwetu ndiyo inaitwa ushamba?

Binti Njombe: Shikamoo mzee. Florizini ukiimeza, nyingi huvunjwa utumboni, na humo humo huzuia sukari (glukosi) kunyonywa, mtu anaharisha. Ndiyo maana wakemia waliibadili. Leo ni kidonge cha miligramu 10 mara moja kwa siku. Sufuria ya magamba ina miligramu ngapi? Lakini watu wa Mbeya mkishachemsha kitu mnakunywa jagi zima, na parachichi juu.

Kiwira Juu: Parachichi limeingiaje hapa? Rungwe tunakula ndizi na parachichi tangu enzi za mababu. Dada, omba radhi.

Binti Njombe: Sikutukana mtu. Mababu hawakuwa wakimeza losartani, dawa ya presha, figo zikiwa zimechoka.

Kiwira Juu: Kwa hiyo chakula chetu ni sumu?

Mhudumu Iringa: Kamwene. Si sumu, na wala si kila mwenye kisukari anakatazwa. Shida ni potasiamu, madini yaliyo kwa wingi kwenye ndizi na parachichi. Figo zikichoka haitoki vizuri, na losartani au kaptopili, nayo ya presha, huizuia zaidi. Ikipita milimoli 6 kwa lita, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika bila dalili ya kukuonya. Kwa hiyo damu irudiwe wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza dawa hizo. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, ikipanda chini ya asilimia 30, kwa kawaida dawa haiachwi. Wengi huiacha hapo kwa hofu na figo ndizo zinazoumia. Potasiamu ikiwa juu: menya ndizi au viazi, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, maji umwage. Ukiyafanya mchuzi umeirudisha yote.

Kiwira Juu: Na za kuchoma?

Mzee wa Uyole: Mmehamia jikoni! Nimeuliza habari ya miti. Manjano je? Inapunguza uvimbe, imeandikwa.

Binti Njombe: Imeandikwa zaidi kwa panya, mzee. Kurkumini, kiini cha manjano, hainyonywi vizuri, na manjano ina oksalati, chumvi inayoweza kuganda kwenye figo. Wapo walioumia figo kwa kuimeza kwa wingi kila siku. Bardoksoloni, dawa ya majaribio iliyotokana na asidi ya oleanoliki ya mimea, ilipandisha kipimo cha figo kuchuja damu, watu wakashangilia. Utafiti wake, BEACON, ukasimamishwa 2012 kwa sababu ya moyo kushindwa. Na Ubelgiji, miaka ya 1990, mimea ya kupunguza uzito yenye asidi ya aristoloki iliua figo za wanawake waliokuwa na afya njema.

Mzee wa Uyole: Unanipeleka Ubelgiji! Nasema mgonjwa akifokewa anaficha chupa, daktari anabaki kubahatisha kwa nini kreatinini imepanda. Aulizwe kwa upole: mti gani, gamba au mzizi, vikombe vingapi, tangu lini.

Mhudumu Iringa: Hapo nakuunga mkono. Ila apimwe kwanza. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, uwiano wa albumini (protini inayovuja figo zikiumia) na kreatinini. Miligramu 30 kwa gramu na kuendelea ni dalili ya figo kuguswa. Kipimo kirudiwe, maana homa au maambukizi ya mkojo hukipandisha. Kile kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo hukosa albumini ikiwa bado kidogo, mtu anaambiwa mzima. Uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, metformini isimame. Dawa ya miti isiyojulikana kiasi chake, hapo isiguswe kabisa.

Mzee wa Uyole: "Isiguswe kabisa" ndiyo kufukuza kwenyewe.

Mhudumu Iringa: Mti ndio naukataza, mzee. Yeye akaribishwe, na chupa aje nayo.

Kiwira Juu: Ndizi za kuchoma hamjajibu.

Binti Njombe: Kuchoma hakutoi potasiamu. Kama damu yake iko sawa, ale. Kama imepanda, zichemshwe.

Kiwira Juu: Ndaga. Sasa parachichi, nusu au robo?