Mmakonde alikuwa mgeni kwa nani?

Wanabaraza, leo naomba tujadili hili bila kukwepa.

Tangu darasani tulikaririshwa kwamba Kenya ina makabila 42. Mimi naiona hesabu hiyo kuwa ndiyo ukuta wenyewe. Wamakonde wa Kwale, ambao babu zao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, hawakuwamo. Wakazaliana hapa, wakazikana hapa, bila kitambulisho. Huna kitambulisho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako, na polisi akikusimamisha huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43.

Nilifurahi sana. Lakini kwa nini mlango wa uraia uwe kabila? Mjaluo ana ndugu Tanzania na Uganda. Mdigo huvuka Lungalunga kwenda harusini Tanga, na hakuna anayemwita mgeni. Kijana Mnubi wa Kibra, ambaye babu yake aliletwa na Waingereza kama askari, akitimiza miaka 18 aliitwa mbele ya kamati kupigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho.

Mimi nilipata changu kwa chifu bila kuulizwa babu yangu alizaliwa wapi. Naamini sisi tulio wengi tunajiona wenye nchi kwa sababu yupo mwingine anayeulizwa.

Jibu la kwanza: Napinga. Mpaka wetu na Somalia ni mrefu, na waliouawa na magaidi katika jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 walikuwa ndugu zetu. Serikali isiulize?

Mwanzisha mada: Iulize, ndugu yangu, na wale vijana wa Garissa nawalilia kama wewe. Ila iniulize na mimi. Tena tusisahau mwaka 1989: Wakenya Wasomali, wao peke yao, walihojiwa upya wathibitishe uraia wao, wakapewa kadi ya ziada ya kubeba pamoja na kitambulisho. Al-Shabaab, kundi lililoshambulia Westgate na Garissa, lilikuwa halijazaliwa. Kadi ile ilikuwa ya kumzuia nani?