Nimeshindwa kushika ratiba ya asubuhi, naombeni ushauri kabla mwezi haujaisha

Osukuru (Tororo)
Wakuu habari za usiku. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, leo nimelazimika kuandika maana kichwa kimejaa.

Nina miaka 31, nina kazi yangu ya mikono mjini Tororo. Tangu mwaka jana niliamua kubadili maisha kwa kubadili mazoea ya kila siku. Naamka saa kumi alfajiri nyumba ikiwa kimya, nakunywa maji, nasali, nasoma kitabu saa nzima, nakimbia hadi karibu na ule mwamba mkubwa wa Tororo na kurudi, nikishaoga naandika malengo ya siku kwenye daftari. Tatizo ni kwamba haishiki. Wiki ya kwanza naenda vizuri, ya pili inalegea, ya tatu nalala mpaka jua linaingia dirishani, halafu naanza upya nikiwa nimejichukia. Niliosoma nao wameshajenga, mimi bado napanga.

Naomba kujua: mnafanyaje mpaka zoea likashika? Ni saa ngapi nzuri ya kuamka? Na mazingira yana umuhimu gani? Maana nafikiria kubadili mazingira mwezi huu ukiisha. Matusi sitaki, hali yangu si nzuri.

Afande Mstaafu (Bombo)
Kijana wangu, pole. Mimi nimeamshwa na filimbi karibu maisha yangu yote ya kazi. Saa kumi na moja umesimama mstarini, kitanda kimenyooka, buti linang'aa. Hakuna aliyetuuliza kama tuna hamu. Leo nimestaafu, nafuga kuku, na saa kumi na moja kuku wangu wanakula hata mvua inyeshe.

Nyinyi vijana mnangojea hamu ndipo mfanye. Hamu haiji. John Akii-Bua alikuwa polisi wa kawaida wa nchi hii. Mwaka 1972 kule Munich walimpa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali, akakimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Rekodi ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Yule alifanya mazoezi siku aliyotaka na siku asiyotaka. Amka tu.

Mlima Juu (Kapchorwa)
Afande nakuheshimu sana, ila kuna nusu ya hadithi hujaisema. Mimi naishi na wakimbiaji, nawaona kila siku. Kweli wanatoka mapema, lakini saa tatu usiku humpati mmoja wao barabarani, na mchana baada ya chakula wanalala tena. Usingizi kwao ni sehemu ya kazi.

Mwangalieni Joshua Cheptegei. Mwaka 2020 mashindano yamefungwa kila mahali, watu wamekaa ndani, yeye yuko kwenye milima yetu anaendelea na mazoezi yake. Agosti akaenda Monaco akavunja rekodi ya mita 5,000 iliyokuwa ya Kenenisa Bekele tangu 2004, Oktoba akaenda Valencia akavunja ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Miaka minne baadaye, dhahabu ya Paris. Ndugu Osukuru, unaamka saa kumi, sawa. Unalala saa ngapi?

Osukuru (Tororo)
Saa tano, wakati mwingine saa sita. Inategemea.

Wandegeya (Kampala)
Wengi tunadanganywa kwamba zoea linashika kwa siku 21. Namba hiyo ilitokana na daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeona kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama hizo kuizoea sura yao mpya. Haikuwa habari ya kuamka wala kukimbia.

Waliopima kweli ni Phillippa Lally na wenzake, University College London. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo moja tu dogo, labda kunywa maji au kutembea kidogo, na kulifanya baada ya kitu ambacho tayari kipo katika siku yake, kama baada ya kifungua kinywa. Wastani ulikuwa siku 66. Lakini wa haraka alitumia 18, na kwa wa polepole hesabu ilifika 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Sasa wewe umebeba mambo matano kwa mpigo, na ukikosa siku moja unafuta yote unaanza upya. Anza na moja.

Halafu jamani, hapa tupo karibu na ikweta. Mwaka mzima jua linatoka karibu saa ile ile, na saa kumi ni giza totoro Januari na Julai. Hayo mambo ya kuamka na mwanga wa kiangazi ni ya nchi za watu.

Mama Sauda (Arua)
Mwanangu, mimi sina utafiti, nina masikio. Umesema "nyumba ikiwa kimya". Nyumba hiyo ina nani? Na hayo mazingira unayotaka kubadili ni yapi?

Osukuru (Tororo)
Mama yangu, familia ipo. Naomba tusitoke nje ya mada. Nimeuliza kuhusu mazoea.

Mama Sauda (Arua)
Mada ndiyo hiyo hiyo. Nikueleze. Tuko akina mama katika kikundi cha kuweka na kukopa, kila Alhamisi jioni chini ya mwembe. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na kopo lake nyumbani, na hakuna kopo lililomaliza mwezi. Kilichotufanya tuweke akiba ni kuonana. Alhamisi usipofika, mtu anakuja kugonga kwako. Mimi kwa hela hiyo nimemsomesha Sauda mpaka akawa mkunga, na mdogo wake sasa yuko chuoni.

Kwa hiyo nakuuliza tena: nani anakuona unapoamka? Mke unaye?

Osukuru (Tororo)
Sawa. Nitasema, lakini msinirukie.

Mama watoto alijifungua miezi mitatu iliyopita. Ni mtoto wetu wa tatu, na vyumba ni viwili. Mtoto analia saa nane, analia saa tisa, ikifika saa kumi mimi sijiwezi. Mbale kuna kikundi cha vijana kinachoongozwa na mwalimu wa mafanikio. Unalipa 20,000 kwa wiki, mnaamka pamoja, mnakimbia pamoja, daftari linakaguliwa. Nimeshalipia chumba huko miezi mitatu, 120,000 kwa mwezi. Naingia tarehe mosi.

Si kwamba natoroka. Kila Jumamosi nitatuma hela ya matumizi kwa simu. Nitarudi nikiwa mtu mwingine, na watakaofaidi ni hao hao watoto. Hela imeshatoka na mwenye nyumba harudishi, kwa hiyo siulizi niende au nisiende. Nauliza nikifika nifanyeje ili ratiba ishike.

Mama Sauda (Arua)
Mke wako anajua?

Osukuru (Tororo)
Anajua naenda Mbale kununua vitambaa.

Mama Sauda (Arua)
Ya Rabi. Mwanamke ana kichanga cha miezi mitatu na wengine wawili, halafu mume anaenda "kununua vitambaa" miezi mitatu. Mwanangu, umeulizia maji ya kunywa alfajiri na hili umeliacha!

Mkweli Mtupu (Jinja)
Wakuu, hii ni chai, na sukari imezidi. Mwanzo nyumba ilikuwa kimya saa kumi, sasa kuna kichanga kinacholia usiku kucha. Mwanzo "kazi ya mikono", sasa vitambaa. Ngojeni mwone, itatokea akaunti mpya iseme "hata mimi mwalimu huyo alinisaidia", kisha namba ya simu ya kulipia. Uzi huu ni tangazo.

Boda wa Malaba
Mkweli umeniamsha, nilishaanza kumhurumia. Mdogo wangu alimlipa mtu wa namna hiyo hela ya pikipiki aliyokuwa anaikusanya. Alipewa fulana na daftari. Mpaka leo yule mtu hapokei simu, na mdogo wangu anaendesha pikipiki ya tajiri, jioni hesabu. Wasimamizi fungeni huu uzi.

Osukuru (Tororo)
Sitangazi mtu yeyote, na ndiyo maana sijamtaja jina. Nyumba huwa kimya saa kumi kwa sababu ndipo mtoto anapopitiwa na usingizi. Na mama yake pia.

Mama Sauda (Arua)
Na saa hiyo hiyo kengele ya simu yako inalia?

Osukuru (Tororo)
Ndiyo.

Uzi na Sindano (Mbale)
Nimekuwa nasoma tu, sasa ngoja niingie. Mimi ni fundi cherehani, nipo Namatala. Kama huyu ndugu kweli ni mtu wa vitambaa, anijibu: sketi ya shule ya marinda kamili, mtoto kiuno inchi 24, unakata kitambaa cha urefu gani kuzunguka, na kitambaa chako kina upana wa 60?

Osukuru (Tororo)
24 mara tatu, 72. Naongeza inchi mbili za mishono. Upana wa 60 hautoshi, kwa hiyo naunga kipande, na maungio nayaficha kwenye kunjo la ndani la rinda ili yasionekane mtoto akitembea. Mkanda nakata mbali. Wengine wanabana marinda mara mbili na nusu kuokoa kitambaa, lakini sketi ikifuliwa inakaa vibaya.

Uzi na Sindano (Mbale)
Mkweli, huyu ni fundi. Mtu wa matangazo hajui maungio yanafichwa wapi.

Sasa kaka, la pili. Una vitambaa vya watu kwenye rafu ambavyo havijakatwa?

Osukuru (Tororo)
Vipo. Kuna oda ya sketi za shule moja, muhula unafunguliwa, na kuna nguo za harusi ya watu. Nikishaharibu asubuhi, siku yote inaharibika. Naona aibu hata kushika mkasi. Ndiyo maana natafuta ratiba, hamnielewi tu.

Uzi na Sindano (Mbale)
Nakuelewa kuliko unavyodhani, maana kazi yetu ni moja. Mimi sijui saa kumi ikoje. Nafungua saa mbili na nusu baada ya kupeleka watoto shule. Zoea langu ni moja: kitambaa cha mteja hakilali dukani bila chaki. Mteja akishatoka mlangoni, kabla sijagusa kitu kingine, nakitandaza mezani, nachora, nakata, nafunga vipande pamoja na karatasi ya vipimo, naandika jina, natia kwenye mfuko. Kushona kunaweza kungoja. Kukata hakungoji.

Kitambaa kizima unaweza kukiahirisha hata mwezi, unakipanga tu upya kwenye rafu. Kikishakatwa huwezi tena kumwambia mtu sijaanza. Na mteja akija na hasira unamfungulia mfuko, anaona mikono, anaona kola, anakaa anasubiri. Hili zoea lilishika kwa sababu sikulipangia saa. Nimelifunga kwa mteja, na mteja lazima aje, la sivyo sili. Kitabu nasoma Jumapili. Kukimbia sikimbii kabisa na duka nimepanua.

Wandegeya (Kampala)
Hicho ndicho wale watu wa London walichokuwa wanapima. Fundi kakifanya bila kuwasoma.

Afande Mstaafu (Bombo)
Kijana, la mtoto mchanga sikulijua nilipoandika. Sikiliza. Lindoni hakuna askari anayekesha peke yake mpaka asubuhi, kuna zamu. Wewe lala saa tatu, chukua zamu ya saa nane, mbebe mtoto, akishanyonya mama yake alale. Kengele ya saa kumi izime. Mkeo akipata usingizi, na wewe utaupata, na mchana mkono hautatetemeka kwenye mkasi. Kumlea mtoto usiku si kazi ndogo ya mwanamume.

Mkweli Mtupu (Jinja)
Kwenye marinda nimekubali. Kwenye huyo mwalimu bado nina shaka. Mtu anayechukua 20,000 kwa wiki kwa kila kichwa, zoea lake la mafanikio ni hilo hilo la kupokea.

Osukuru (Tororo)
Nimesoma yote. Kengele nimeizima usiku huu, hilo Afande na Mama Sauda nimewasikia. Lakini 360,000 si hela ya kutupa, na hapa kwangu hakuna mtu wa kunisukuma. Mbale kuna soko kubwa kuliko Tororo. Sioni kosa langu liko wapi mtu akitafuta pa kukua.

Mama Sauda (Arua)
Kukua hatujakukataza. Kamwambie mkeo kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na jirani.

Uzi na Sindano (Mbale)
Kaka, Tororo na Mbale hazifiki hata kilomita 50. Panda taksi asubuhi, jioni uko kwako. Chumba umeshakilipia, kifanye cha kazi: weka meza ya kukatia na cherehani moja, mwenye nyumba kwanza mwambie. Usilale huko. Zile sketi za shule zilete Jumanne zikiwa zimekatwa zote, si nusu, nitakuachia ovaloki yangu, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Usipokuja na vipande vilivyokatwa sifungui mashine.

Osukuru (Tororo)
Mama watoto nimemwambia sasa hivi. Amekasirika, ana haki. Amesema kukata anajua, nimletee kitambaa nyumbani aone kama nilikuwa namdanganya na hapo pia.

Fundi, ovaloki yako ni ya nyuzi tatu au nne?

Uzi na Sindano (Mbale)
Nne. Njoo na nyuzi zako, rangi ya sketi.