Mwaka unaisha: kikoba cha kazini kivunjwe Desemba, au mtaji ubaki?

Mtunza Daftari: Wakuu, salaam. Mwaka mzima watu wa ofisi moja wameweka akiba pamoja kwenye kikoba, kwa kununua hisa, wamekopeshana, wamezikana, wamechangiana harusi. Desemba imefika, kila mtu anataka chake. Mimi nasema tusivunje. Kikundi cha watu 25 kikigawa sanduku lote, Januari hakuna mkopo, na Januari ndiyo ada, sare na kodi ya nyumba. Watu wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Tugawane faida, hisa zibaki. Na tuseme ukweli, mgao wa Desemba mwingi unaishia kwenye vitenge.

Binti Kihonda: Hapo kwenye vitenge umetukosea adabu, kaka. Anayenunua kitenge kwa hisa zake hajamwibia mtu. Aliyejinyima wiki kwa wiki tangu Januari hana deni la maelezo kwako.

Mtunza Daftari: Dada, sikumlenga mtu. Nazungumzia mtaji.

Binti Kihonda: Umewalenga wanawake, maana hukutaja pombe wala matairi ya pikipiki. Haya, mtaji. Mgao ndio ukaguzi pekee ambao mwanachama wa kawaida anauona kwa macho. Fedha zote zikimwagwa mezani, mkopo hewa hauna pa kujificha. Kikundi kisichovunja kinaandika riba ambayo haijalipwa, kinaiita faida, kisha kinagawana faida hiyo kwa kutumia hisa za watu. Mwaka wa tatu sanduku ni jepesi, daftari ni zito.

Mzee wa Makambako: Wanangu, hiyo Desemba nani aliipanga? Njombe na Ruvuma mvua za kupandia zinaanza Novemba. Mbolea ya kupandia inatakiwa iwe stoo kabla ya mvua, si baada ya Krismasi. Watumishi wengi huku wana mashamba. Vunjeni Oktoba.

Hisa Tano: Shikamoo mzee. Mwezi wowote mtakaochagua, utaratibu ni uleule, na vikundi vingi vinakosea hapa. Mkopo wa mwisho utoke wiki nane kabla ya mgao, marejesho yote yawe yameingia wiki mbili kabla. Ununuzi wa hisa usimame mwezi wa mwisho, la sivyo mtu ananunua hisa tano kila kikao mwishoni na kupata faida sawa na aliyeweka Januari. Siku ya mgao, hesabuni mihuri ya hisa kwenye kila kitabu cha mwanachama, kitabu kwa kitabu, kwa sauti. Hisa ikiwa Sh 5,000 na zimeuzwa 3,600, mtaji ni Sh 18,000,000. Mezani mkikuta Sh 21,600,000, hisa moja ni Sh 6,000. Mwenye hisa 150 anaondoka na Sh 900,000. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, hauingii humo, una daftari lake. Mwenye deni akatwe kwenye hisa zake kwanza, lisipotosha, wadhamini. Na acheni kuweka fedha kwenye laini ya simu ya mweka hazina, huo ni uzembe.

Kijana wa Mwenge: Uzembe ni kubeba mamilioni kwenye sanduku la bati mwaka huu wa leo! Sanduku linaibwa. Simu ina namba ya siri, ujumbe unabaki, kila muamala una saa na tarehe. Mnaishi zama gani?

Hisa Tano: Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu ambao si viongozi. Laini ina mtu mmoja na namba moja ya siri. Hujajibu hilo.

Kijana wa Mwenge: Nimejibu. Ujumbe unabaki.

Binti Kihonda: Ujumbe unabaki kwenye simu ya nani?

Kufuli la Kati: Mnasahau jambo kubwa zaidi. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu. Akifa, salio lile mbele ya sheria ni lake na linaingia kwenye mirathi. Ndugu hawajui kikoba. Kikundi kinabaki kuthibitisha mahakamani, na kama hakijasajiliwa kinasimama kwa jina gani? Sheria ya vikoba ya 2019 inataka msajiliwe Benki Kuu.

Hisa Tano: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018, za 2019 ni kanuni. Vikundi vya jamii ni daraja la nne, na usajili mnafanyia halmashauri. Nendeni na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama. Lakini kuhusu mirathi uko sahihi kabisa.

Kijana wa Mwenge: Basi fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watia saini watatu. Sikusema lazima iwe laini ya mtu.

Binti Kihonda: Ulisema simu.

Mtunza Daftari: Jamani, turudi kwenye hoja. Kuvunja au kutovunja?

Mzee wa Makambako: Mwanangu, vunjeni, halafu palepale mezani kila mmoja arudishe hisa tano za kuanzia mzunguko mpya. Watu 25 ni Sh 625,000, mkopo wa Januari mnao.

Mtunza Daftari: Sh 625,000 inamlipia ada mtoto wa nani, mzee? Ni watu wawili tu, sanduku limekwisha.

Kufuli la Kati: Na hao wawili wadhaminiwe na nani? Kazini marafiki wanadhaminiana kwa mduara: huyu kamdhamini yule, yule kamdhamini wa tatu, wa tatu kamdhamini wa kwanza. Mmoja akihamishwa kituo, wote watatu wamekwama. Katiba iseme mwenye mkopo hadhamini mtu mpaka amalize wake.

Kijana wa Mwenge: Kwenye simu hilo lingeonekana mapema.

Hisa Tano: Simu haijui nani kamdhamini nani. Daftari ndilo linajua.